Nilimtoa Soto nikamchukua Acuña: hesabu ya magoti mawili

Wadau, hiki kisa nimekaa nacho muda maana kinaniuma na kinanichekesha kwa wakati mmoja. Ijumaa usiku, tarehe 23 Mei 2025, Ronald Acuña Jr., mpigaji wa timu ya besiboli ya Atlanta Braves, alirudi uwanjani pale Truist Park baada ya siku 362 za kukaa nje, na mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa na Nick Pivetta, mrushaji wa Padres, akaupeleka futi 467, kama mita 142 hivi, homurani, yani mpira umevuka ukuta na hakuna wa kuudaka. Mpira wa kwanza bana. Mwaka mzima hajagusa mechi ya ligi kuu alafu mpira wa kwanza unaenda kule. Mi nipo kazini, shifti ya usiku kwenye ghala moja huku Georgia, simu nimeiegesha kwenye boksi, nikapiga kelele mpaka msimamizi akaja kuuliza nani kaumia. Haijapita saa nzima nikawa nimeshamtumia jamaa yangu wa ligi ya fantasi (unamiliki wachezaji wa kweli kwenye karatasi, takwimu zao ndo pointi zako) ofa: nipe Acuña, mchukue Juan Soto. Akakubali ndani ya dakika mbili. Sasa mtu akikubali haraka hivo ujue umeliwa, ila mi usiku ule nikaona yeye ndo kachanganyikiwa.

Msimu ulivoisha Soto alikua na homurani 43, RBI 105 (yani wenzako uliowaingiza nyumbani kwa pigo lako), na besi za kuiba 38. Acuña homurani 21, RBI 42, besi za kuiba 9. Najua, najua. Ngoja nieleze vizuri maana kosa langu haliko pale watu wengi wanapodhani lipo.

Kwanza kwa wale wanaojua FPL tu, ile fantasi ya ligi kuu ya Uingereza, fantasi ya besiboli ya drafti, ile ya kuchagua wachezaji kwa zamu, haiko vile. Kule FPL Haaland mnaye watu milioni kadhaa, akiumia Jumamosi unamtoa kabla ya dedilaini ijayo, maisha yanaendelea. Huku kwenye ligi yetu ya watu 12 mchezaji anakua wa mtu mmoja tu, ukimchagua wewe basi wengine wote hawana, na akivunjika ni msiba wako peke yako. Alafu hakuna kujumlisha pointi moja moja kama kule. Tunacheza ile staili ya zamani, wapigaji wana vipengele 5: wastani wa kupiga, homurani, RBI, mizunguko uliyokamilisha mwenyewe, na wizi wa besi. Kila kipengele mnapangwa wa kwanza mpaka wa 12, wa kwanza anapata 12, wa mwisho anapata 1. Kwahiyo ukiwa na homurani nyingi kupita wote lakini wizi huna, unakula 12 huku na 1 kule, na mwenzio aliye wa nne kila mahali anakupita akiwa anapiga miluzi.

Wizi kwa asiyejua: mchezaji yupo besi ya kwanza, mrushaji anapojiandaa kurusha kwa mpigaji, jamaa anachomoka kwenda ya pili kabla mpira haujamfikia pale. Ni mbio za sekunde chache, unaanza ghafla, unajitupa chini, unasimama ghafla. Ukifikiria vizuri ni orodha ya vitu ambavyo goti halipendi.

Ndo maana bei ya Acuña ilikua juu vile. Wapo wanaopiga homurani 40 na wapo wanaoiba besi 40, lakini ni wanyama wawili tofauti, mmoja bonge la mtu na mwingine swala. Huyu kijana wa Venezuela, aliyezaliwa Desemba 1997, alikua wote wawili ndani ya jezi moja. Mwaka 2019 akiwa na miaka 21 alipiga homurani 41 akaiba 37. Ukimchagua huyo umejaza vipengele vyote vitano kwa nafasi moja, zile nafasi nyingine za kikosi zinakua huru kufanya mambo yao.

Goti la kwanza ni la kulia. Tarehe 10 Julai 2021, Miami, Jazz Chisholm Jr. kapiga mpira mrefu kulia, Acuña karuka karibu na ukuta, akatua vibaya, ACL ikakatika. Wale wa mpira wa miguu hii herufi tatu mnaijua, ni ile ligamenti inayopita katikati ya goti ikifunga mfupa wa paja na wa ugoko usiteleze kwenda mbele. Haijiungi yenyewe ikishakatika yote. Wanachukua kipande cha kano, wanatoboa mfupa, wanakipitisha pale, alafu mwili unakaa miezi mingi ukikigeuza kile kipande kiwe ligamenti. Upasuaji ulifanyika tarehe 21 Julai. Mpaka siku ile alikua na mechi 82, homurani 24, wizi 17, yani mwaka wa tuzo kubwa kabisa ulikua unapikwa. Braves wakanunua wachezaji wa pembeni (wale wanaodaka mipira mirefu) wanne kuziba lile pengo, akina Soler na Rosario, na wakachukua ubingwa wa dunia bila yeye. Hiyo nayo ni hadithi yake.

Akarudi 28 Aprili 2022. Siku 292 toka aumie, haijafika hata miezi kumi. Na mechi ya kwanza dhidi ya Cubs unajua alifanya nini? Aliiba besi mbili. Mbili! Watu tukasema huyu kapona, miguu ipo, twende kazi. Msimu ule aliiba 29 kwa mechi 119, wakati kinara wa ligi nzima, Jon Berti, alikua na 41 tu. Kwahiyo miguu kweli ilikuepo. Kilichokosekana ni mkono mzito: homurani 15 tu, wastani 0.266, na alikua anakosa mipira hovyo, alitolewa kwa kukosa mara 126. Siku nyingi walimweka awe mpigaji tu bila kukaa uwanjani, bahati nzuri mwaka ule sheria ya mpigaji maalum ndo ilikua imeanza rasmi kwenye ligi ya National (moja ya zile mbili zinazounda ligi kuu), vinginevyo sijui wangemficha wapi. Goti lilikua linamuuma na ilikua inaonekana hata kwenye tivii, anapiga mpira anabaki ameshikilia mguu.

Shikeni hapo: kurudi kwa kwanza, miguu ilitangulia, nguvu ikachelewa.

2023 ndo mwaka uliotuharibu akili sote. Homurani 41, wizi 73, RBI 106, mizunguko 149, wastani 0.337, mechi 159, MVP (mchezaji bora wa ligi) kwa kura zote bila hata mmoja kupinga. Hakuna binadamu aliyewahi kufika 40 na 70 msimu mmoja, hajawahi. Alivofikisha wizi wa 70 dhidi ya Cubs aling'oa besi akainyanyua juu kama mtu kashika kombe. Na zile mara 126 za kukosa zikashuka mpaka 84, tena akiwa na safari nyingi zaidi za kupiga. Kwa aliyekua naye mwaka ule fantasi ilikua kama kucheza bao na mtu aliyefungwa macho.

Ila kuna kitu tulikisahau, au tulikijua tukakipuuza. 2023 ndo mwaka walipobadilisha sheria. Besi zikapanuliwa kutoka inchi 15 mpaka 18, na mrushaji akawekewa kikomo cha kumchungulia mkimbiaji, mara mbili tu, akijaribu ya tatu asimpate anampa besi bure. Wizi wa ligi nzima ukaruka kutoka 2,486 mwaka 2022 mpaka 3,503. Sisemi 73 zilikua za bure, mbona wengine hawakufika hata karibu. Nasema tu mvua ilinyeshea mashamba yote na huyu shamba lake lilikua kubwa. Wenye akili timamu wangesoma hivi: thamani ya wizi mmoja imeshuka kwa sababu kila mtu anaiba sasa. Sisi tukasoma hivi: huyu ni mungu mdogo.

2024 kwenye drafti nikapata bahati (niliiita bahati) ya kuchagua wa kwanza. Sikufikiria hata sekunde. Na kusema ukweli hata kabla ya kuumia nilikua nimeshaanza kukuna kichwa, mechi 49 za mwanzo homurani 4, wastani 0.250, RBI 15. Wizi 16 ndo ulikua unanibeba. Nikawa najipa moyo kwamba kijana anachelewaga kuwaka.

Jumapili tarehe 26 Mei 2024, Pittsburgh. Inning (kipindi) ya kwanza, yeye ndo mpigaji wa kwanza, kapiga pigo la besi mbili. Mwenzake Ozuna yupo kupiga. Acuña akaanza kuchomoka kuelekea ya tatu, akasita, akajigeuza arudi ya pili, goti la kushoto likakataa. Hakuna mtu aliyemgusa. Hakuna ukuta wala kuruka, ni ule mguu kukanyaga na mwili kugeuka. Akakaa chini anaonyesha mguu wa kushoto, na mi nikajua kabla ya daktari yoyote, maana mtu aliyewahi kukatika ACL anaijua sura yake. Upasuaji tarehe 6 Juni kule Los Angeles kwa daktari Neal ElAttrache, yule yule aliyelitengeneza la kulia. Wataalamu wa magoti wanalisema hili siku nyingi, ukishakata moja, la pili linakua hatarini kuliko la mtu ambaye hajawahi. Kwenye drafti hatukuliweka kwenye hesabu. Nani anaweka?

Nikamaliza msimu wa 11 kati ya 12. Wa 12 ni jamaa aliyesahau neno lake la siri mwezi Aprili.

Sasa 2025. Kwenye drafti nikampita makusudi, nikasema siliwi mara mbili kwa mkono ule ule. Jamaa yangu, mtu wa Alabama, mpole, anakula karanga saa zote, akamchukua raundi ya tatu. Ligi yetu ina sehemu ya majeruhi ambayo haili nafasi ya kawaida, kwahiyo akamweka kule tangu Machi na nafasi yake akamweka mtu mwingine anayecheza. Hapo ndo ujue kwanini sheria za ligi yako ni muhimu kuliko hata ripoti ya daktari. Kama ligi haina sehemu ya majeruhi, mtu wa nje miezi miwili anakugharimu benchi kila wiki, kila wiki unakosa mtu wa kuziba. Ikiwepo, yule mtu anakaa bure kabisa kama mzigo uliouacha kwa shangazi. Acuña wa raundi ya tatu kwenye ligi yenye hiyo sehemu ni mali. Kwenye ligi isiyokua nayo ni mzigo. Mchezaji yule yule, goti lile lile.

Alafu ikaja ile futi 467.

Na Soto wangu wakati ule alikua anasuasua. Ametoka Yankees kwenda Mets kwa mkataba mkubwa kupita yote iliyowahi kusainiwa kwenye michezo, dola milioni 765, na mpaka mwisho wa Mei alikua anapiga chini ya kiwango chake na redio za New York zinamchoma kila asubuhi. Mi nimechoka naye. Kwahiyo usiku ule kichwani kwangu ilikua hivi: namtoa mtu aliyepoa nampata mtu wa 41 na 73 ambaye tayari ameonyesha kapona. Ukinibana leo ntakwambia ukweli, ile homurani ilinionyesha kwamba mkono umepona. Kuhusu miguu haikusema chochote. Ukipiga homurani unazunguka besi unatembea.

Tuje kwenye hesabu sasa, na hapa ndo naomba mtulie. Msimu una mechi 162. Nikichukua kila kipindi chake nikakinyoosha mpaka mechi 162 ili tulinganishe sawa kwa sawa, napata hivi. 2021 kabla ya goti la kwanza: mwendo wa homurani 47 na wizi 34. 2022 baada ya goti la kwanza: homurani 20, wizi 39. 2024 kabla ya goti la pili: homurani 13, wizi 53. 2025 baada ya goti la pili: homurani 36, wizi 15.

Ziangalie tena. Goti la kwanza lilimrudisha mwizi bila nyundo. Goti la pili likamrudisha na nyundo bila mwizi. Jeraha ni moja kwa jina, daktari ni yule yule, mtu ni yule yule, lakini kilichorudi ni kinyume kabisa. Ndo maana mtu akiniambia "wachezaji wa ACL mwaka wa kwanza wanakuaga hivi" namwangalia tu. Huyu mmoja peke yake katoa majibu mawili.

Kwanini? Nimesikia maelezo matatu, na nimeyazungusha sana kichwani nikiwa nasukuma troli.

La kwanza ni la mguu upi. Acuña anapiga kwa mkono wa kulia, kwahiyo akisimama kwenye boksi mguu wa kulia uko nyuma, ndo unaobeba uzito alafu unausukuma mbele, kama mtu anayetupa wavu. La kulia ndo lilikatika 2021. Mguu wa kusukumia ukiwa na wasiwasi, pigo linakua la mikono tu. Wa kushoto uko mbele, kazi yake ni kukaza na kupokea. Inaingia akilini, ila sitaki kuapa nayo, maana makocha wa kupiga nao watakwambia mguu wa mbele usipokaza vizuri nguvu yote inavuja, na kwa hesabu hiyo goti la kushoto lingetakiwa kumuua zaidi.

La pili ni muda. Mara ya kwanza toka aumie mpaka arudi siku 292, mara ya pili 362. Hizo ni siku 70 zaidi, miezi miwili na zaidi. Mwaka 2022 alirudi akiwa bado anajifunza kuliamini goti, akajifunzia mbele ya kamera. 2025 alijifunzia mazoezini, akaja kwetu akiwa tayari. Mimi nipo upande huu zaidi. Na timu ilikua na kila sababu ya kumharakisha, maana Braves walianza msimu wa 2025 kwa kufungwa mechi 7 mfululizo, alafu Profar waliyemsajili kusaidia pembeni akafungiwa mechi 80 kwa dawa zilizokatazwa, mashabiki huku mtaani wanalia kila siku, na bado hawakumtoa mapema. Hilo nawapa heshima.

La tatu ni kwamba hakuiba kwa sababu hakutaka, au hawakutaka aibe. Hapa sihitaji daktari. Mtu aliyeumia goti la pili akiwa anakimbia besi, bila kuguswa, kwenye mbio ambazo hata hazikua na ulazima, unadhani ataambiwa achomoke mara 90 tena kama 2023? (Ile 2023 aliiba 73 na akakamatwa mara 14, kwahiyo alijaribu mara 87.) Goti la 2021 lilikatika akifukuza mpira, kwahiyo mwaka uliofuata kwenye besi hakuwa na kumbukumbu mbaya, alichomoka siku ya kwanza. Goti la 2024 lilikatikia kwenye besi kwenyewe. Ng'ombe aliyetumbukia kisimani akiwa anakunywa hawezi kurudi pale pale kwa haraka ile ile. Na timu nayo ilikua na mkataba wake wa bei rahisi wa miaka 8 dola milioni 100 aliosaini 2019, mali ya namna hiyo hauipeleki kwenye matope kwa ajili ya besi moja ya pili.

Kwahiyo mi nasema wizi 9 ulikua uamuzi zaidi kuliko udhaifu. Na uamuzi unabadilika polepole kuliko misuli.

Jambo jingine ambalo sikulipima ni hili, na hili linaniuma zaidi kwa sababu ni hesabu ya darasa la nne. Kwa besiboli ya kweli Acuña wa 2025 alikua mkali kabisa. Wastani 0.290, kufika besi 0.417, OPS 0.935 (kufika besi ukijumlisha na nguvu ya kupiga), akaanza mechi ya nyota wote ambayo mwaka ule ilikua hapo hapo Atlanta, na mwisho wa mwaka akapewa tuzo ya mchezaji aliyerudi vizuri kuliko wote kwenye ligi ya National. Mwezi Julai dhidi ya Yankees alirusha mpira kutoka kona ya kulia mpaka besi ya tatu, haujadunda hata mara moja, uwanja mzima ukaishiwa maneno. Sasa niulizeni fantasi ilinipa nini kwa lile tupio. Sifuri. Na ile 0.417 ya kufika besi, sehemu kubwa ni kwa sababu warushaji walimwogopa wakawa wanampa besi ya kutembea, yani wanamrushia mipira minne mibovu anaenda besi ya kwanza bure. Ligi yetu haihesabu kutembea, inahesabu wastani. Tungekua tunatumia kufika besi badala ya wastani, ningekua na kitu cha kujitetea. Kwetu mtu akitembea mara tatu kwa siku ni kama hakuja kazini.

Alafu RBI na mizunguko hauvuni peke yako. 2023 nyuma yake kulikua na kundi lililopiga homurani 307 kama timu, sawa na rekodi ya ligi, ukifika besi tu unaitwa nyumbani. Braves wa 2025 walimaliza na ushindi 76 na kufungwa 86. Mpigaji mwenzake Riley kaumia, wengine wamepoa. Mtu anafika besi ya kwanza anasimama pale mpaka inning inaisha, anakagua kucha. Kwa mpigaji wa juu kwenye orodha ile ni hasara ambayo goti halihusiki nayo kabisa, na mi kwenye hesabu zangu za usiku ule nilikua nimebeba mizunguko 149 ya timu nyingine.

Mwisho wa Julai kano ya kisigino cha kulia ikamkaza, akakaa nje kama wiki mbili. Haikua goti. Ila mtu aliyetengenezwa magoti mawili anatembea tofauti, anapakia uzito tofauti, na kitu kingine kwenye mnyororo kinalalamika, hiyo hata fundi baiskeli anaijua. Wiki mbili za Agosti kwenye ligi yenye ushindani ni nyingi.

Sasa kosa liko wapi. Watu kwenye kundi letu la WhatsApp wanasema kosa ni kumchukua mtu aliyetoka kuumia. Hapana. Mwenye karanga naye alimchukua mtu aliyetoka kuumia, tena akiwa bado anatembea kwa tahadhari mazoezini, na akala faida nzuri sana, maana alimnunua kwa bei ya raundi ya tatu akamuuza kwa bei ya Soto. Kosa langu ni siku. Mchezaji aliyeumia bei yake inakua chini kabisa pale ambapo hakuna habari, Februari, Machi, kila mtu anaogopa. Inakua juu kabisa saa moja baada ya pigo la kwanza. Nilienda sokoni saa ile ile ambayo muuzaji yoyote angetamani niende. Ningesubiri wiki tatu nikaangalia kitu kimoja tu, anachomoka au hachomoki, ningepata jibu bila kulipia. Wiki tatu za kwanza alikua anapiga vizuri sana na besi haibi, ilikua wazi kama mchana, na mi nilikua naitetea bado, nasema subiri joto liongezeke.

Na upande wa pili wa biashara, Soto. Huyu simlaumu mtu, nani alijua Soto ataiba besi 38? Sio mkimbiaji, hajawahi kuwa, msimu wake bora kabla ya hapo ulikua 12. Lakini ndo ile mvua ya sheria mpya tena, hata wasio na mbio wanajifunza kumsoma mrushaji wakaanza kuiba. Kwahiyo nilienda kununua wizi kwa mwizi aliyestaafu, nikalipa kwa mtu aliyekua anaanza kazi hiyo hiyo. Nilimaliza wa pili kutoka mwisho kwenye kipengele cha wizi. Mwenye karanga alimaliza wa pili kutoka juu.

Basi wengine mtauliza sasa hivi ningemchukua wapi. Mwaka wa pili baada ya goti la kwanza ndo ulizaa 2023, na najua kuna watu wataivuta hiyo kumbukumbu mezani siku ya drafti, watasema ngoja muone mwaka wa pili. Mi naipunguza. 2023 alikua na miaka 25, goti moja, sheria mpya ambazo wapinzani walikua hawajazizoea. Sasa magoti ni mawili, warushaji wameshajifunza, na timu imeshajua hasara ya kumkosa mara mbili. Mi naandika kwenye karatasi yangu homurani 33 mpaka 35, wizi 15 mpaka 20, wastani 0.285. Huyo ni mchezaji wa raundi ya kwanza kuelekea mwisho, nafasi ya 9, ya 10 huko, na simwongezei hata shilingi kwa ajili ya zile 73. Akiiba 30 ni zawadi. Mwenye kumchagua wa tatu analipia zawadi kabla haijafungwa.

Kwenye ligi ya kufika besi badala ya wastani nampandisha nafasi nne bila kufikiria. Kwenye ligi isiyo na sehemu ya majeruhi namshusha nafasi hizo hizo.

Mwenye karanga juzi kanitumia ujumbe, anasema yupo tayari kunirudishia Soto kwa mabadilishano, anataka Acuña wake. Nimeusoma saa nne usiku, nikaweka simu chini. Huyu mtu akitaka kitu haraka hivo, ngoja nikague kwanza kuna nini.